Mapicha ya vita ninayoyakumbuka kwa masikio

Watu wakianza kubishana picha gani la vita ni kali, utasikia mmoja anataja idadi ya maiti, mwingine anataja vifaru, mwingine anakuhadithia stelingi alivyomaliza kambi nzima peke yake, na kila mtu ana haki yake. Mimi kipimo changu ni kingine na nimekaa nacho miaka mingi. Tivii nishazima, wiki imepita, bado nasikia nini? Maana milipuko yote baada ya nusu saa inafanana, bomu ni bomu, lakini kuna mlio mmoja mmoja ukishausikia kwenye picha lililotengenezwa kwa akili hautoki tena, na ukija kukutana nao mahali pengine kabisa mwili unasisimka kabla hata hujakumbuka uliusikia wapi. Kwa hiyo hapa naongelea yale ambayo kwangu yamefaulu mtihani huo, na moja ambalo limenikera, na kwa mengine nitakaa sana na mengine nitayapita mbio.

Naanza na Das Boot, la Wajerumani, limetoka 1981, kaliongoza Wolfgang Petersen. Ni habari ya nyambizi moja, U-96, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inatoka La Rochelle kule Ufaransa kwenda kuwinda meli za Waingereza kwenye Atlantiki. Mwanzoni kabisa wanakuandikia kwenye skrini kwamba mabaharia 40,000 wa Kijerumani walitumikia kwenye nyambizi na 30,000 kati yao hawakurudi, basi kuanzia hapo kila kijana unayemuona anacheka kwenye ile sherehe ya kuagana unaanza kumpigia hesabu moyoni, huyu atarudi, huyu harudi.

Sehemu kubwa ya mwanzo hakuna vita, nakwambia ukweli usije ukazima. Kuna kusubiri tu. Ndevu zinaota, mkate unaota ukungu, mawimbi, watu wanapishana kwenye korido ambayo wawili hawaenei, kitanda kimoja wanalala kwa zamu. Alafu manowari ya Kiingereza inawagundua, wanazama chini, na hapo ndo picha lenyewe linapoanza. Nyambizi ikishazama haioni kitu, haina dirisha, chombo kizima kinategemea masikio ya jamaa mmoja aliyekaa kwenye kijichumba chake na hedifoni, anasikiliza rafadha za manowari zinavyopita juu na kumnong'oneza nahodha inatoka upande gani. Na manowari nayo inawatafuta kwa mlio. Inatuma sauti majini, tiing, ikigonga chuma inarudi, na kadiri inavyowakaribia ndo inavyoharakisha, tiing, tiing, tiing. Watu wote mle ndani wameinua nyuso wanaangalia dari, na juu ya dari hiyo hakuna kitu cha kuona, lakini macho yote yako pale, jasho linawatiririka, hakuna anayethubutu kukohoa wala kudondosha kijiko. Mlio unakoma. Kimya. Na kile kimya kinatisha kuliko mlio maana unajua sasa mabomu yameshaachiwa yanazama taratibu kuja kwao, na wewe mtazamaji unajikuta umeshika pumzi na uko sebuleni kwako salama salimini.

Kuna sehemu inakwenda chini kupita kina ilichotengenezewa. Chuma kinaanza kulia, ule mlio mrefu wa kitu kinachobanwa na bahari nzima, alafu bolti moja inachomoka na kuruka kwa nguvu ya risasi, alafu nyingine, na fundi mkuu wa injini ambaye ndo mtu mzima wa kutegemewa akili inamruka kwa ule mlio. Si kwa bomu, kwa mlio. Nimeangalia picha nyingi za vita zenye bajeti ya kutisha na sijaona woga ulioonyeshwa namna hii.

Kingine kinachonifanya nilipende ni jinsi lilivyopigwa. Yule mpiga kamera, Jost Vacano, alikuwa anakimbia na kamera mkononi kwenye korido nyembamba na matundu ya milango ya duara, ndo maana king'ora kikilia na watu wakianza kukimbilia mbele kuipa chombo uzito, na wewe unakimbia nao. Waigizaji walizuiwa kukaa juani ili wapauke kama watu ambao hawajaona jua siku nyingi, na kwenye picha inaonekana kabisa. Lilitajwa kwenye vipengele 6 vya Oscar. Kuna toleo la sinema la saa mbili na nusu hivi, kuna la 1997 la karibu saa tatu na nusu, na lile la televisheni refu zaidi. Chukua la saa tatu na nusu, na chukua la sauti ya Kijerumani usome maandishi chini. Hili ndo namba moja wangu, na nasema hivo nikijua kabisa hawa wanatumikia jeshi la Hitler. Picha lenyewe halikuachii ulisahau hilo, kuna usiku wanaibuka kuangalia meli ya mafuta waliyoipiga, inaungua, wanashtuka kumbe bado kuna watu juu yake, wanaruka majini wanaogelea kuja upande wao huku wanapiga kelele za kuomba msaada, na nahodha anaamuru nyambizi irudi nyuma. Zile kelele zinapungua taratibu kadiri wanavyorudi. Uso wa nahodha hapo uangalie vizuri.

La pili ni Come and See, la Elem Klimov, 1985, lilitengenezwa Umoja wa Kisovieti, linahusu Belarusi mwaka 1943 chini ya Wanazi. Nitasema mapema, hili sio la kuangalia kwa kujifurahisha na sio la kuangalia usiku ukiwa peke yako kama umechoka. Kijana mdogo, Florya, anafukua bunduki mchangani ili akajiunge na wapiganaji wa msituni, anafurahi, amevaa koti linalompwaya, anaona anaenda kuwa mwanaume. Muda si mrefu ndege zinapiga mabomu msituni na hapo masikio yake yanaziba. Na ya kwako yanaziba. Yaani kwa dakika kadhaa unasikia mvumo mwembamba tu ndani ya kichwa, ndege wanaonekana wanafungua midomo husikii, binti aliye naye anaongea husikii vizuri, sauti zote zinakuja kwa mbali.

Akiwa katika hali hiyo ndo anarudi kijijini kwao kumtafuta mama yake na wadogo zake. Nyumba iko kimya. Supu iko jikoni bado ya moto, anakaa anakula, anampa na binti, anamwambia watakuwa wametoka tu. Sakafuni kuna midoli ya wadogo zake imepangwa, na nzi. Mvumo wa nzi unaongezeka, unaongezeka, mpaka binti anashindwa kula. Kijana anapata wazo kwamba familia itakuwa imejificha kisiwani kwenye kinamasi, anatoka mbio, binti anamfuata, na wakati wanakimbia binti anageuka nyuma mara moja tu, na sisi tunaona alichokiona nyuma ya ile nyumba, sekunde chache, kamera haikai hapo, haisogei karibu, na yule kijana mwenyewe hajageuka. Sitasema zaidi. Nimekaa nikifikiria mara nyingi kwa nini ile sekunde imenikaa kuliko tukio refu la kanisa linalochomwa moto baadaye, ambalo lenyewe ni zito mno, na nadhani ni wale nzi. Walishatuambia kila kitu kabla hatujaona.

Aliyeandika pamoja na Klimov ni Ales Adamovich, ambaye alikuwa na wapiganaji wa msituni kule Belarusi akiwa kijana mdogo, kwa hiyo si mtu aliyehadithiwa. Klimov mwenyewe alihamishwa kutoka Stalingrad akiwa mtoto wakati jiji linaungua. Wakubwa wa filamu wa Kisovieti walimzungusha miaka mingi kabla ya kumruhusu alitengeneze, na baada ya hili hakutengeneza picha lingine tena. Mwishoni linakuambia vijiji 628 vya Belarusi vilichomwa pamoja na watu wake wote. Yule mtoto, Aleksei Kravchenko, uso alioanza nao na uso aliomaliza nao ni vitu viwili, ngozi ya kijana imekuwa ya mzee ndani ya picha moja.

Saving Private Ryan wengi mmeliona kwa hiyo sirefushi. Spielberg, 1998, kutua kwa Wamarekani ufukwe wa Omaha kule Ufaransa tarehe 6 Juni 1944, walilipigia Ireland ufukwe wa Curracloe. Nataka tu ukilirudia usikilize kitu kimoja: pale ufukweni hakuna muziki. Hakuna hata kidogo. Ni bahari, chuma, risasi na watu wanaoita mama zao, na kamera ikiingia chini ya maji kelele zinakatika ghafla, unasikia ukimya huku risasi zinapita majini na watu wanazama na mizigo yao, alafu inaibuka na makelele yanakupiga usoni. Kuna na pale Kapteni Miller, kiongozi wao, sauti zinamkata, anaangalia askari anaokota mkono wake mwenyewe mchangani. Lilipata Oscar 5 na 2 kati ya hizo ni za sauti, zimestahili. Na mwishoni kile kifaru cha Mjerumani unakisikia kabla hujakiona, ardhi inatetemeka, vile vyuma vya minyororo vinasaga mawe, watu wamekaa kwenye kifusi wanasubiri. Katikati ya picha na zile sehemu za makaburini mimi zinanipoa kidogo, muziki unaniambia lia sasa, ningeachwa nilie mwenyewe ingekuwa bora.

Dunkirk ya Nolan ya 2017 ni mlio wa saa. Hans Zimmer alitumiwa mlio wa saa ya Nolan mwenyewe akaufuma kwenye muziki, kwa hiyo picha zima kuna kitu kinahesabu, ongeza na vile ving'ora vya ndege za Kijerumani za Stuka zikishuka kupiga watu waliopanga foleni ufukweni hawana pa kukimbilia. Wanajeshi 338,000 na kidogo, Waingereza na washirika wao, walivushwa toka ufukwe ule wa Ufaransa kwenda Uingereza kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni 1940. Maneno machache sana, majina hata huyashiki. Kipande nikipendacho ni rubani anaishiwa mafuta, injini inazima, na ndege inaelea juu ya ufukwe kimya kabisa. Basi. Kama unataka hadithi ya watu binafsi na maisha yao hutaipata hapo.

Sasa lile lililonikera. Black Hawk Down la Ridley Scott, 2001. Mtaani linapendwa hili, na kiufundi sina neno, sauti zake zilichukua Oscar na uhariri pia, ukiweka kwenye sabufa vioo vinalia, maganda ya risasi yanamwagika kutoka kwenye helikopta mpaka unahisi yanakudondokea. Ni mapigano ya Mogadishu, tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ila wamelipigia Moroko. Tatizo langu ni hili, nimesikiliza picha zima na Wasomali karibu hawana sauti. Wanapiga mayowe, wanakimbia, wanaanguka. Mji wenye watu wake, wenye mama zao na maduka yao na swala zao, umekuwa kelele ya nyuma. Askari wa Kimarekani kila mmoja ana jina, ana mzaha wake, ana barua ya nyumbani, alafu mwishoni maandishi yanakuambia Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa na Wamarekani 19. Elfu moja, sentensi moja. Na hawa sio watu wa mbali kwetu jamani, pwani ni hiyohiyo moja, ukishuka kusini kidogo ya Mogadishu uko Barawa ambako wanaongea Chimwini, Kiswahili cha kwao, na wengi wao walikimbilia Mombasa vita ilipoanza 1991. Liangalie, sikatazi, ila ukimaliza jiulize ni Msomali gani unakumbuka alichosema.

Dawa ya hilo ni The Battle of Algiers, na hapa nitakaa.

Limetoka 1966, kaliongoza Muitaliano, Gillo Pontecorvo, miaka 4 tu baada ya Algeria kupata uhuru toka kwa Wafaransa, na wamelipigia palepale Algiers, kwenye vichochoro vya Kasbah, ule mji mkongwe wa wenyeji, na wananchi wenyewe ambao wengi hawajawahi kuigiza. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa FLN, chama cha wapigania uhuru, mjini humo, ndo alishiriki kulitengeneza na akaigiza nafasi inayotokana na yeye mwenyewe. Kanali wa Kifaransa, Mathieu, kaigizwa na Jean Martin ambaye ndo karibu pekee aliyekuwa muigizaji wa kazi. Picha ni nyeusi na nyeupe, chembechembe, kamera inatikisika, ukiingia katikati bila kuambiwa unaapa ni taarifa ya habari ya kipindi kile. Si taarifa ya habari. Kila kipande kimeigizwa.

Kuna akina mama watatu wa FLN, wanakaa mbele ya kioo, wanakata nywele, wanazipaka rangi, wanavaa kizungu, hakuna anayeongea, ngoma tu inapigwa, ngoma kavu inayozidi kasi. Wanapewa vikapu, ndani kuna mabomu, wanapita vizuizi vya askari wanaowatania kwa tabasamu, wanaingia kwenye mikahawa ya Wafaransa. Na Pontecorvo anafanya kitu ambacho wengi hawana ujasiri wa kukifanya, anatuonyesha sura za waliomo ndani, mmoja mmoja, mtoto analamba aiskrimu, vijana wanacheza muziki. Yule mama anawaangalia na sisi tunawaangalia. Anaweka kikapu chini ya kiti anatoka. Kabla ya hapo tumeshaona bomu ambalo Wafaransa waliwategea watu wa Kasbah usiku wamelala na familia zao, miili inatolewa kwenye kifusi. Na muziki unaopigwa juu ya maiti wa huku na maiti wa kule ni uleule. Ukiligundua hilo kaa nalo, maana ndo msimamo wa picha zima umewekwa kwenye muziki bila mtu kutoa hotuba. Kwenye kuteswa kwa wafungwa nako hivyohivyo, huwasikii wakilia, sauti zao zimezimwa kabisa, kuna kinanda kama cha kanisani tu na nyuso.

Alafu kuna vigelegele. Sisi vigelegele tunavijua, ni vya harusi, vya mtoto kuzaliwa, vya mgeni mheshimiwa kushuka kwenye gari. Hapa askari wa Kifaransa wamezingira Kasbah wakati wa mgomo, wamewakusanya watu, wanatangaza kwenye kipaza sauti, na mtoto mmoja, Omar, anakwapua kipaza sauti anawaambia ndugu zake wasikate tamaa, na hapohapo kutoka madirishani na juu ya mapaa vinaanza. Wanawake huwaoni. Unasikia tu vigelegele vinapokezana kutoka nyumba hii kwenda ile, na askari wenye bunduki wanaangalia juu hawajui wampige nani. Picha linaisha na Desemba 1960, watu wamemwagika mitaani na bendera, moshi, na usiku vile vigelegele havikomi. Mimi tangu niangalie picha hili, nikiwa harusini bibi wa upande wa pili akivianzisha, kuna sehemu yangu inaenda Algiers kwanza kabla haijarudi ukumbini.

Lilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka huohuo wa 1966, Ufaransa ikalizuia miaka kadhaa, na mwaka 2003 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, wakalionyesha kwa maofisa wao wakati wa vita ya Iraki. Hilo la mwisho huwa linanifikirisha, sijui walisikiliza kipande kipi.

Ukimaliza hilo tafuta Camp de Thiaroye, la Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, 1988. Hili ni gumu kulipata na kopi nyingi ni mbaya lakini usikate tamaa. Wanajeshi wa Kiafrika waliopigania Ufaransa, baadhi wametoka kwenye kambi za mateka za Wajerumani, wanarudishwa Senegal na kuwekwa kambi ya Thiaroye karibu na Dakar wasubiri malipo yao. Wanaanza kunyang'anywa hadhi kidogokidogo, sare zinachukuliwa, chakula kibovu, alafu pesa zao wanataka kubadilishiwa kwa nusu ya thamani. Tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Serikali ya Ufaransa kwa miaka mingi ilisema waliokufa ni 35, na hesabu hiyo inabishaniwa mpaka leo. Picha limetengenezwa na Senegal, Algeria na Tunisia bila fedha ya Mfaransa, na ndo maana linasema linachosema.

Humo ndani kuna askari mmoja wanamuita Pays, kaigizwa na Sidiki Bakaba. Alipitia kambi ya Buchenwald na haongei tena, anatoa miguno tu, na kichwani amevaa kofia ya chuma ya Kijerumani hataki kuivua, anashika seng'enge za kambi kwa vidole kuhakikisha ni za kweli. Usiku wa mwisho yuko zamu. Anaona vifaru vinakuja. Anakimbia kuwaamsha wenzake, anahangaika na mikono, anatoa sauti ambayo sio neno, na wao wanaona ndo kichaa chake kimepanda, anaota Wajerumani, wanamtuliza wanarudi kulala. Mtu pekee aliyejua ndo mtu pekee asiyeweza kusema. Nimelia hapo, sioni aibu.

Na hapa ndo roho inaniuma kama Mswahili. Babu zetu nao walikwenda. KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walichukua vijana Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), wakawapeleka Burma (Myanmar ya leo), divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na tope na malaria, na lugha iliyowaunganisha makabila yote hayo kwenye yale mahandaki ilikuwa Kiswahili. Kiswahili kwenye misitu ya Burma, hebu fikiria sauti ya hilo picha, amri za kunong'ona usiku, nyimbo za kuandamia. Na vita ya Kagera nayo, ya Tanzania na Idi Amin, 1978 mpaka 1979, watu wazima waliokuwepo bado wapo, kule Uganda ukiongea nao wanakutajia mlio wa yale makombora yaliyopewa jina la saba saba, wanauigiza na mdomo. Huo mlio mimi sijausikia kwenye picha kubwa hata moja na hao wazee wanaondoka. Watengeneza filamu wetu, nawaomba kwa heshima zote, kabla ya kutafuta kifaru cha kukodi nendeni na kinasa sauti Kagera na Masaka.

Kuhusu namna ya kuyaangalia. Kwanza, haya niliyoyataja usiangalie yaliyotafsiriwa kwa sauti. Nimekulia kwenye mabanda ya video kama wengi wenu na nawaheshimu sana wale watafsiri, wameleta raha kubwa, picha la Kihong Kong bila wao lisingenoga, lakini kazi yao ni kujaza kimya, na haya yanaishi kwenye kimya. Das Boot jamaa wameinua macho darini wanasubiri bomu alafu mtu anakuambia "hapa sasa stelingi anawaza atatokaje", limekwisha hapo, limekufa. Pili, jihadhari na yale maduka ya kujaziwa muvi kwenye flashi. Nilijaziwa Das Boot kwenye moja, ilikuwa kopi iliyobanwa mpaka milio ya chini yote imekatika, mlio wa manowari unasikika kama mtu anagonga glasi chumba cha pili, nikarudi na kulipia tena sehemu nyingine. Muulize muuzaji ukubwa wa faili, picha la saa tatu na nusu likiwa dogo kuliko kipindi kimoja cha tamthilia achana nalo. Tatu, sabufa punguza besi. Najua tunapenda besi, ila besi ikijaa minong'ono yote inapotea, na nusu ya Das Boot ni minong'ono. Ukiwa na hedifoni nzuri za kufunika sikio ndo bora zaidi, zima taa, simu weka mbali. Kama bando linaruhusu, angalia ya mtandaoni kwa ubora wa juu kuliko kudanlodi nakala ya nakala.

Na la mwisho ni Grave of the Fireflies, la Isao Takahata, Japani, 1988. Ni katuni, na hapo ndo pa kuwa makini. Kaka na mdogo wake wa kike, Seita na Setsuko, mji wa Kobe mwaka 1945, mabomu ya moto ya Wamarekani yameteketeza nyumba na mama amekufa. Takahata mwenyewe akiwa mtoto alinusurika mabomu ya Okayama, na mwandishi wa hadithi, Akiyuki Nosaka, alipoteza mdogo wake kwa utapiamlo wakati uleule wa vita, kwa hiyo hawa nao wanasema walichokiona. Setsuko ana kopo la pipi. Analitikisa anasikiliza zimebaki ngapi. Mwanzo kelele ni nyingi, baadaye moja au mbili, baadaye kaka anatia maji ndani alitikise apate utamu uliobaki, na kitu kitakachokuja kulia ndani ya kopo hilo baada ya hapo sikwambii, ila kipo dakika za mwanzo kabisa na hutakielewa mpaka mwisho. Halina askari wa kupigana kwa bunduki, na kwangu ni picha la vita kuliko mengi yenye bunduki.

Usiwawekee watoto wadogo ukaenda jikoni eti kwa sababu ni katuni. Kaa nao, au ngoja wafike miaka kumi na mbili, kumi na tatu hivi, na uwe umeshaliangalia wewe kwanza.